Mkono Ulioshika Kamba

Dughaim, mlinzi wa pampu ya maji ya kijiji cha Rujm al-Ghurab, alikutwa asubuhi amelala kifudifudi, paji la uso limeegemea bomba la chuma, kama mtu aliyesujudu akapitiwa na usingizi.

Mkaguzi Rudaina alichuchumaa kando ya mwili. Ilikuwa baridi ya Januari, ile ya nyika ya Mafraq inayopenya mpaka kwenye meno.

"Tangu lini?" akamuuliza daktari.

"Jana magharibi, au kabla kidogo. Nguo za mgongoni zimelowa, za kifuani kavu. Alianguka kabla ya mvua."

"Na jeraha?"

"Yapo mawili. Hili la juu ya sikio ni la fimbo, wala si kubwa. Lililomuua ni hili la kwenye paji. Bomba."

Walipomgeuza marehemu, chini ya kifua chake palikuwa na glavu moja ya sufu, ya kijivu, ya mkono wa kulia. Ilikuwa kavu. Glavu za namna ile zinauzwa katika kila duka la Mafraq, na hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Dughaim mwenyewe alikuwa amevaa zake zote mbili.

Rudaina aliiokota kwa kibanio, akaitia kwenye chupa ya kioo, akaikaza kifuniko.

"Nyayo?"

Sajenti Falah, dereva wake, mtu mnene asiyeishiwa maneno, akatazama tope lililozunguka pampu. "Nyayo ziko tele, afande. Za kondoo mia mbili na za wanawake wenye ndoo. Chagua uzipendazo. Za muuaji zimekwenda na mvua."

"Basi mwite Sayel."

Koplo Sayel alifika baada ya saa moja, na mbwa wake jike aitwaye Rimal akihema nyuma ya gari. Mbwa wa pili wa kikosi alikuwa kazini mpakani, kwa hiyo hakukuwa na wa kuchagua. Sayel alizaliwa kijiji hiki hiki. Miaka sita iliyopita, Rudaina alipokuwa mkuu wa uwanja wa kufundishia mbwa, ndiye aliyemfundisha kushika kamba. Hakuwahi kupata mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kama wake. Wengine walishika kamba kama watu wanaovuta punda. Sayel aliiacha ipite kiganjani kama mtu anayesikiliza jambo.

Alimvisha Rimal mikanda ya kifuani, akafunga kamba ya mita kumi, akamnusisha glavu. Rimal akainama, akazunguka pampu mara mbili, halafu akaondoka kwa nguvu, pua chini, kamba imenyooka kama fito.

"Nyuma hatua thelathini," Rudaina alimwambia Falah. "Usiwasogelee."

Yeye alibaki na mwili. Ndiyo kanuni.

Baada ya dakika arobaini redio ikalia. Ilikuwa sauti ya Falah. "Afande, mbwa ameketi. Mlango wa Abu Nayef."

*

Nayef, mwana wa nyumba hiyo, alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mchunga kondoo, mdomo wake mwepesi kuliko akili. Wiki iliyopita aligombana na Dughaim mbele ya watu, akamwambia atamzika ndani ya tangi lake mwenyewe. Hilo lilijulikana kijiji kizima.

"Ulisema utamzika?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Alifunga maji kondoo wangu hawajanywa. Nilikasirika. Wewe hujawahi kusema neno ukiwa na hasira?"

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Kwa kondoo."

"Nani alikuona?"

"Kondoo."

"Usinichezee, Nayef."

"Sikuchezei, dada. Nani mwingine ataniona kule?" Kijana akaanza kulia bila kujificha. "Mimi sikumgusa. Wallahi sikumgusa."

"Glavu zako ziko wapi?"

Akazitoa mfukoni. Zilikuwa mbili, za kijivu, kuukuu. Ya kulia ilishonwa kidole gumba kwa uzi mwekundu.

"Nani alishona?"

"Mama. Msimu wa kukata manyoya ya kondoo."

Rudaina akazitazama kwa muda mrefu. Jozi ilikuwa kamili, lakini mbwa alikuwa ameketi mlangoni. Nayef akapelekwa mahabusu.

Adhuhuri ile ile wakubwa wa pande mbili wakakutana. Kina Dughaim walikubali kutoa atwa, ile ahadi ya kutogusa mtu kwa siku tatu na theluthi. Siku hizo zikiisha, jamaa wa karibu wa Nayef, nyumba nne, wahame kijiji. Iwe miaka miwili, iwe kumi, mpaka siku ya sulhu. Ndivyo desturi inavyotaka, damu isije ikakutana na damu njiani.

Rudaina alipokwenda kupekua nyumba, Umm Nayef alikuwa ameshaanza kukunja mazulia. Alikuwa mwanamke mfupi, shungi limefungwa kwa hasira.

"Karibu, karibu mwenye cheo," alisema. "Pekua. Angalia na kwenye chungu cha dengu, pengine kuna maiti mwingine."

"Mama, mimi natimiza kazi yangu."

"Kazi yako imetimia! Mbwa wako kaketi kwenye kizingiti changu, basi mimi nihame. Hapa nimezaa watoto sita. Wawili nimewazika pale, nyuma ya zizi. Nao niwapakie kwenye lori?"

Rudaina akaingia kupekua. Hakupata kitu chumbani mwa Nayef, wala damu, wala nguo iliyofuliwa upesi. Fimbo za kuchungia zilikuwa tatu, zimejaa vumbi la siku nyingi.

Alipotoka, Umm Nayef alimfuata mpaka uani. "Huyo mbwa, mwanangu, anajua kuapa? Akisimama mbele ya kadhi ataweka mguu juu ya msahafu?"

Falah alicheka kidogo. Rudaina hakucheka.

*

Siku ya pili asubuhi theluji haikuanguka, ila baridi iligandisha tope likawa gumu kama chungu kilichochomwa. Rudaina alichukua daftari na penseli, akamwambia Falah waifuate ile njia ya mbwa tangu pampuni, achore ramani ya faili.

"Ramani ninayo kichwani, afande. Pampu, halafu rundo la mawe, halafu kwa Abu Nayef. Nikuchoree juu ya biskuti?"

"Twende."

Walikwenda. Tope lilikuwa limehifadhi kila kitu. Nyayo za Rimal zilikuwa zimezama kwa mbele, kucha zimechimba, na vidole vya miguu ya nyuma vimesukuma udongo kurudi nyuma. Mbwa wa namna hiyo anavuta. Ana harufu puani na haoni kingine duniani. Nyuma yake, hatua kumi, viatu vya Sayel vilikuwa vimekwenda sawasawa, havikuharakisha wala havikusita. Na kati yao hapakuwa na alama yoyote ya kamba juu ya udongo. Kamba haikugusa chini. Rudaina aliona fahari ndogo kifuani, ile ya mwalimu.

Wakafika kwenye rundo la mawe meusi. Hapo njia inagawanyika. Kulia ni kwa kina Abu Nayef. Kushoto ni mtaa wa mashariki.

Rudaina akasimama. Halafu akapiga magoti.

"Afande, utaugua," alisema Falah.

"Nyamaza kidogo."

Nyayo za Rimal hazikwenda kulia. Zilikwenda kushoto, hatua kumi na mbili, kucha zimezama kupita mahali popote. Na nyuma yake viatu vya Sayel vilisimama pamoja, visigino vimechimba mashimo mawili. Mtu akisimama hivyo amejiegemeza nyuma kwa uzito wake wote. Mbele yake miguu minne ya mbwa ilikuwa imeburuzwa ubavuubavu, mistari minne ndani ya tope. Halafu kamba ikaanguka. Ilikuwa imelala hapo, alama yake imepindapinda kama njia ya nyoka.

Mbwa akazunguka. Akaenda kushoto tena, hatua sita. Visigino tena. Mistari tena.

Mara ya tatu nyayo za Rimal zilikuwa pembeni ya viatu vya Sayel, karibu kabisa, nyepesi, ndogo. Kamba imefupishwa mpaka kwenye mikanda. Zikaelekea kulia mpaka mlangoni kwa Abu Nayef, bila kucha hata moja kuchimba. Mbwa anatembea hivyo akipelekwa matembezi.

"Falah, hapa ilikuwaje?"

"Hapa? Mbwa alizungukazunguka. Nilidhani anatafuta. Sayel alinipa mgongo."

"Mlangoni nani alimketisha?"

Falah akafikiri. Uso wake mnene ukabadilika pole pole. "Sikuona mkono wake, afande. Nilimwona mbwa ameketi tu."

Rudaina akasimama, akapangusa magoti. "Zile nyumba za kushoto ni za nani?"

"Za watu mbalimbali. Nyumba tisa. Ile yenye tangi la buluu…" Akanyamaza. Falah kunyamaza katikati ya maneno lilikuwa jambo geni.

"Ya nani?"

"Ya kina Sayel, afande."

*

Alimwita Sayel pale pale kwenye mawe. Hakutaka kumwita ofisini, kwa sababu ofisini mtu husema uongo kwa kutazama ukuta. Hapa kulikuwa na tope.

Sayel alikuja, sare imepigwa pasi, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Falah alimimina chai yenye majani ya maramiya kutoka kwenye chupa, akawapa. Sayel alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

"Birika, afande. Niliungua."

"Fungua."

"Si kitu."

"Fungua, Sayel."

Akafungua kwa meno. Katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imechubuka kwa mstari mmoja ulionyooka, upana wa kamba.

"Birika lina mstari?"

Sayel akakifumba kiganja.

"Nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

"Afande…"

"Nilikufundisha nini?"

"Mkono usiwe na maoni." Sayel alikariri kama somo. "Mbwa akivuta, mpe. Akisita, sita. Usimwonyeshe njia hata kama unaijua. Mbwa akishajua kwamba unataka kwenda mahali, atakupeleka huko huko, kwa kukupenda."

"Sasa nisomee hapa chini."

Akatazama nyayo zake mwenyewe. Alizitazama sana, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ulijua tangu pampuni?"

"La! Wallahi, la. Nilikuja na moyo safi. Nilikuwa hata nafurahi, Rimal alikuwa anafanya kazi vizuri mno. Nikafika hapa." Akaonyesha mawe kwa kidevu. "Akageuka kushoto. Nikampa kamba. Wewe unajua, afande, kamba ikikaza unasikia kila kitu. Unasikia kama harufu ni kali au hafifu. Nilisikia furaha yake."

"Furaha gani?"

"Rimal hulala kwetu siku za Ijumaa nikiwa likizo. Ndani ya zizi. Anawajua wote. Kamba ilivyotetemeka, haikuwa ya kufuata mgeni. Ilikuwa ile ya kurudi nyumbani."

Upepo ulipita juu ya mawe. Falah aligeuza uso.

"Nani nyumbani kwenu, Sayel?"

"Sijui."

"Usinidanganye."

"Sijui! Yupo baba, yupo mdogo wangu Hathal, yupo ami yangu Suwailih. Wote watatu wana glavu za kijivu. Siku mbili hizi sijakwenda nyumbani. Mama anapiga simu, sipokei. Nalala kambini na mbwa. Naogopa nikifika nitaona mikono ya mmoja wao haina glavu, halafu nitakuwa nimejua."

"Na Nayef?"

Hapo Sayel akashindwa. Akakaa chini kwenye tope lililoganda, na sare yake ya pasi.

"Nayef alishasema atamuua. Mbele ya watu. Mkono wangu ulikwenda huko wenyewe, afande. Nilijiambia, labda ndiye kweli, labda Rimal amechanganyikiwa tu. Nilijiambia hivyo njia nzima. Jana nikaona lori mlangoni kwa Umm Nayef. Yule mama alikuwa ananilisha mkate nikiwa mdogo."

"Ungesema lini?"

"Kila saa nilikuwa nasema saa ijayo."

Rudaina alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumwinua. Hakufanya lolote. Alichukua kikombe mkononi mwake kisije kikavunjika.

"Baba yako anasemaje kuhusu kazi yako?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

Sayel akacheka vibaya. "Baba? Baba hajanishika mkono nikiwa na sare tangu nilipoajiriwa. Nikifika lazima nioge kwanza, mara saba, moja kwa udongo, ndipo niingie. Mezani ananiwekea sahani yangu peke yangu. Watu wakimuuliza mwanao anafanya kazi gani, anasema serikalini. Basi. Hamalizii."

*

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, Rudaina alimvisha Rimal mikanda kwa mkono wake mwenyewe. Mahakimu wa kabila walikuwepo, na ndugu wawili wa Dughaim, na Abu Nayef na mkewe. Malori mawili yalikuwa yameshapakiwa. Kesho usiku ndipo theluthi ilikuwa inaisha.

"Leo mbwa yuko na dereva mwingine," alisema Umm Nayef kwa sauti ya kusikika. "Tuone kama na huyu ataketi kwangu. Nimebakiza godoro moja, anaweza kulala."

Sayel alisimama kando ya Falah, bila mkanda, bila kofia, amesimamishwa kazi.

Rudaina alifungua chupa. Rimal akanusa glavu. Harufu ilikuwa na siku tatu na mvua moja juu yake, lakini baridi ilikuwa imeishika ardhini. Mbwa alichelewa. Alizunguka pampu mara tano. Rudaina aliweka mkono nyongani, kiwiko laini, akafumba macho kidogo. Miaka minne hakuwa ameshika kamba. Alijua nyumba ilikuwa ipi upande ule. Aliogopa kiganja chake.

Kamba ikakaza.

Akatembea. Hakufikiri kitu ila uzito ule mkononi. Pale kwenye mawe Rimal akasimama, akamtazama. Alikuwa anakumbuka visigino. Alikuwa anauliza mtu huyu anataka wapi.

Rudaina akatazama mbinguni. Akakiacha kiganja wazi, kamba ikalala juu yake kama uzi juu ya meza.

Mbwa akangoja. Kisha akainamisha pua, akaenda kushoto.

Watu wakawafuata. Rimal alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya nne. Penye tangi la buluu akaanza kupiga mkia. Uani Hathal alikuwa anapasua kuni, akamwita, "Rimal!" Mbwa akampita. Ami Suwailih alikuwa anakunywa kahawa juani. Akampita. Akaingia mlango wa jikoni, akaenda mpaka kwa mzee mmoja mrefu aliyekaa juu ya mto karibu na jiko la dizeli, akaketi mbele yake, akaweka kidevu kwenye goti lake.

Mzee hakumsukuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa wazi. Akauweka juu ya kichwa cha mbwa.

"Umechelewa," alimwambia Rimal. "Nilikungoja juzi."

*

Abu Sayel hakukataa kitu. Alimwomba mkewe atoke, naye akatoka amejiziba mdomo kwa shungi. Rudaina alimsomea haki zake. Falah aliandaa karatasi, kisha akasimama mlangoni.

"Ulikuwa pampuni siku ile?"

"Nilikuwa."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya adhana ya magharibi. Nilikwenda kuulizia zamu yetu ya maji."

"Mligombania maji?"

"Andika hivyo."

"Nakuuliza, ami. Mligombania maji?"

Vidole vya mzee vilikuwa bado kwenye masikio ya mbwa.

"Binti yangu, mtu amekufa. Mimi ndiye niliyempiga. Fimbo moja, hapa, akaangukia bomba. Nayef alipokamatwa nilikuwa kitandani na homa, mke wangu akanificha habari mpaka jana. Leo nilikusudia kuoga nije kwenu. Hayo yote ni kweli, na nitaweka kidole. Ile sababu andika maji. Maji ni sababu nzuri. Watu wote wanagombania maji."

"Glavu ulivua kwa nini?"

"Nimpe mkono. Mtu humpi mkono umefunikwa."

"Halafu?"

"Andika maji."

Rudaina aliweka kalamu chini. "Ami, siwezi kuandika neno ambalo hukulisema. Nikiandika langu, kesho nitaandika la mtu mwingine, na Nayef mwingine atakuwa ndani."

Mzee akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, ikitoka mbali.

"Alinishika mkono," alisema. "Halafu akauachia haraka, akafuta glavu yake kwenye kanzu. Mbele ya wapita njia wawili waliokuwa wanaondoka. Akasema, samahani Abu Sayel, nina udhu, na nyinyi kwenu mnalala na mbwa. Wakacheka, wakaenda zao. Mimi nikabaki naye. Nikamwambia mwanangu anatafuta watoto waliopotea nyikani kwa huyo mbwa. Mwaka juzi alimpata mtoto wa watu wa Safawi akiwa hai, chini ya jiwe, siku ya pili. Dughaim akasema, mwanao ndiye anayevaa kamba, si mbwa. Siku moja atakuletea mjukuu mwenye mkia."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

Falah mlangoni alitazama buti zake.

"Na kila nikimpiga tena moyoni, uso ninaouona ni wangu," mzee akaendelea, polepole. "Kwa sababu maneno yale yeye hakuyatunga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtengea mwanangu sahani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema serikalini. Watu waliniona, wakajifunza. Dughaim alinirudishia yangu."

Jiko lilinguruma. Rudaina aliandika yote, neno kwa neno. Alipomaliza alimsomea. Mzee alisikiliza amefumba macho, akaweka kidole gumba penye wino, akakibandika.

"Hayo mwanangu atayasoma?"

"Yatasomwa mahakamani. Yeye pia ana kesi yake, ya kupotosha ushahidi. Atakuwepo."

"Atasikia kutoka kwa karani."

"Ndiyo, ami."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi nipe dakika tano. Mwite. Asiyasikie kwa karani."

Rudaina alitazamana na Falah. Kanuni ilikuwa inakataza. Alitoka na karatasi, akamwambia Sayel aingie, na Falah akasimama ndani kama shahidi.

Yeye alikaa nje juu ya ngazi na Rimal. Mtaani watu walikuwa wameshajua. Kule ng'ambo, mlangoni kwa Abu Nayef, wanaume walikuwa wanashusha magodoro kutoka kwenye lori. Umm Nayef hakuwa akipiga vigelegele. Alikuwa amesimama barabarani peke yake, akitazama upande huu, upande wa nyumba yenye tangi la buluu, ambako Umm Sayel alikuwa ameketi chini uani na nyumba tatu za jamaa zake, ambazo sasa ndizo zingehama, zilikuwa zinaanza kufungua milango. Baada ya muda akavuka barabara. Hakusalimia. Alikaa kwenye vumbi kando ya Umm Sayel, akamshika magoti, na wote wawili wakakaa hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Sayel alitoka kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyezeeka kwa dakika tano.

"Miaka sita, afande," alisema. "Nilikuwa nafikiri ananionea haya."

Rudaina akachukua pingu kwa Falah, akazitazama, akazirudisha mkobani.

Mzee alitoka nyuma yao, amevaa joho lake zuri, lile la sikukuu. Alipofika kwenye gari alimngoja mwanawe apande, kisha akapanda naye, akakaa upande wake. Njia nzima mpaka Mafraq, kwenye kioo cha kutazamia nyuma, Rudaina alimwona mzee akimsimulia kijana jambo fulani kwa sauti ya chini, na kijana akiitikia kwa kichwa, tena na tena, kama watu wawili waliokuwa na safari ndefu na hawakutaka ifike mwisho.